Kanga Isiyopindwa

Mwaka 2017 jirani yangu wa Rosettenville, mtaa wa ugenini ninakoishi, alinialika kwenda na wenzake kupiga kambi na kutazama ndege katika hifadhi moja tulivu nje ya jiji. Wao walivaa nguo za rangi ya udongo. Mimi ni wa Tanga, na kwetu mtu haendi matembezini na nguo za kulimia. Nikajitanda kanga mpya nyekundu. Kwa haraka nilikuwa nimeikata tu bila kuipinda, nyuzi zikining'inia ukingoni. Nami ni fundi cherehani mzima!

"Eish, mama, rangi hiyo itafukuza ndege wote," kiongozi wao akaniambia.

Nilifura, lakini nikaivua, nikaitundika kwenye kamba ya hema.

Asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, mnana mmoja wa manjano akatua juu ya kanga. Akauma uzi, akauvuta, akaruka nao hadi kwenye kiota alichokuwa akikisuka mateteni. Akarudi kuchukua mwingine. Darubini zote zikageukia kanga yangu, ya kiongozi ikiwa ya kwanza.

"Huyo fundi mwenzangu," nikawaambia, nikajiongezea chai.

Kanga ile sijaipinda mpaka leo.