Njano ya Pasaka

Tabea binti Aminieli mnamfahamu, hata kama jina hamlijui. Ni yule dada mrefu wa Levolosi, hapa mjini, anayepita asubuhi na buti za mpira ndani ya kiroba. Kazi yake ni utafiti wa magonjwa ya migomba, kwenye kituo kimoja upande wa Tengeru. Siku tano kwa wiki anapasua migomba ya watu, anatia vipande kwenye chupa, anachungulia kuvu kwenye hadubini. Siku ya sita anafua. Ya saba anapanda kijijini Akheri kwa baba yake, na wakitoka ibadani anakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anachora kwenye kishikwambi chake.

Na anachora, jamani. Mimi kuchora sijui, ila mkono wa mtu anayejua nautambua.

Kazi hizo mbili zilimgombania kama watoto wa mama mmoja, ndiyo akajiwekea sheria: buti za kazi hazivuki geti la baba, na magonjwa yaishie hapo hapo. "Jumapili sitafuti mgonjwa," alikuwa akisema. "Nikianza kupekua majani ya baba, uzuri wake nitauona lini?"

Sheria nzuri. Ndiyo iliyomuumiza.

Mama yake, Rachel, amezikwa nyuma ya nyumba ile, chini ya shina la mchare, mgomba wa ndizi za kupika, alilokuja nalo mwenyewe alipoolewa. Siku ya Pasaka Tabea alilichora shina lile, na msalaba wa saruji ukiwa kivulini. Majani ya chini akayapaka njano inayoanzia ukingoni na kuingia ndani polepole. Alihangaika na rangi ile mchana kutwa. Alipoiweka picha mtandaoni, watu mia nne waliipenda. Mzee Aminieli naye akaitazama.

"Hizo katuni zako leo zimetulia," alisema. "Umemchorea mama yako na jua lake."

Mwezi wa tano ikafika kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mama azikwe. Kwao mche wa mgomba hauuzwi. Anapewa mtu aliyekufaa. Mzee akachimba machipukizi matatu kwenye shina la mkewe, akawapa wanawake watatu waliomuuguza: wawili wa kwaya, na Evaresta, mdogo wake marehemu. Wakashuka wameyabeba kichwani, udongo unadondoka njiani, wanaimba.

Mwezi wa saba, ofisini, Gadiel anayefanya naye kazi akaiona ile picha kwenye kishikwambi mezani.

"Hii sampuli umeichora wapi? Safi sana. Tuiweke kwenye mabango ya wakulima."

"Sampuli gani? Hapo ni nyumbani."

"Acha utani, Tabea. Mgomba huu una mnyauko wa kuvu."

"Hilo ni jua la jioni, bwana."

"Jua la jioni linachagua majani ya chini tu?"

Tabea akaikuza picha kwa vidole viwili. Vikonyo vya majani vimevunjika. Kingo zimekauka. Karibu na ardhi shina limepasuka. Hata ufa ule aliuchora, tena kwa upendo. Kila dalili anayowafundisha wakulima ilikuwepo pale, na aliyeiweka ni yeye.

Jumamosi hakufua. Alipanda Akheri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo Jumamosi! Wamekufukuza kazi?"

Tabea alichukua panga, akaenda nyuma, akakata mgomba mmoja. Ndani, mahali panapotakiwa kuwa peupe, palikuwa na mistari myekundu ya kahawia, kama chai iliyochemka sana. Mzee aliinama akaigusa.

"Ugonjwa umeanza lini?"

Hapo, ndugu zangu, angeweza kusema hajui. Nani angembishia? Lakini alifungua kishikwambi, akampa baba yake picha, na tarehe yake chini.

Mzee akavaa miwani. "Pasaka," alisema. "Na mimi nikagawa mwezi wa tano."

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa umekaa hapo hapo, mimi nachimba."

"Nilikuwa nakuchora."

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Kesho yake, baada ya ibada, walizunguka nyumba tatu kuzichukua tena zawadi walizotoa wenyewe. Wale wa kwaya walitoa, macho chini. Kwa Evaresta mambo yakawa mengine.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba! Mmekuja kumsalimia dada? Yuko kule, ana majani manne sasa. Kila asubuhi nampa habari za kijiji."

Tabea akaeleza habari ya ugonjwa na ya ile picha. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza kwenye semina. Evaresta alisikiliza, mikono kiunoni.

"Yaani mlinipa dada yangu, leo mnakuja kumfukua?"

"Kuvu ikizoea udongo wako, mama mdogo, itamaliza mchare wote."

"Shule yote hiyo, mtoto, na macho hukuwa nayo?"

"Mwache, Evaresta," alisema Mzee. "Hata mimi niliiona njano. Nikasema ni jua."

Evaresta akachukua jembe. "Basi msiguse. Nilimpanda mwenyewe, nitamng'oa mwenyewe."

Vikachomwa pamoja, machipukizi na shina lenyewe, pale pale walipolichimbua, ili udongo usitembee tena. Moshi wa mgomba mbichi ni mzito; ulikaa uani siku mbili. Ulipoisha, msalaba ukabaki peke yake kwenye jivu, mweupe kupita kiasi.

"Tutapanda mwingine lini?" Mzee aliuliza.

"Mchare hapa? Kuvu haifi upesi, baba. Labda miaka thelathini."

Mzee ana sabini na moja. Aliangalia juu, palipokuwa na majani.

"Basi mama yako atakaa juani."

Tabea bado hupanda Akheri kila Jumapili. Siku hizi anakuja na buti alizosugua kwa dawa, anapita shina kwa shina, anageuza jani kwa jani, na majirani nao humwita apite kwao. Kishikwambi anakiacha Levolosi, kabatini. Gadiel ameuliza mara mbili habari ya lile bango, hajajibiwa.

Kigoda cha Tabea kipo. Mzee amekisogeza karibu na msalaba, upande linakotokea jua la saa tisa, na hukaa hapo mpaka jua lizame, kivuli chake kikiangukia msalabani.