Kanuni ya Nne

Nikiikumbuka akdi ile ya ndoa kule Gando masikio yananiwaka moto hadi leo, na aibu yenyewe siwezi kumtupia mtu, kwa sababu kanuni iliyoileta niliiandika kwa mkono wangu na kuigonga mhuri wangu. (Ruhusa ya kusimulia ninayo, kwa maandishi, iko failini, na Mzee Hamadi nitakayemtaja, hilo si jina lake la kweli.)

Nilikuwa karani wa masjala miaka mingi, ushauri nasaha nikausoma mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na kozi za masafa, mwishowe nikafungua chumba changu Wete, juu ya duka la vitambaa. Kabla hata ya kununua kiti cha pili niliandika kanuni kumi na moja za faragha. Kila mteja anazisoma, anatia saini, anapewa nakala. Kanuni ya nne ilisema: tukikutana nje ya chumba hiki, mimi sikujui, sitakusalimia, na ukinisalimia nitaitikia moyoni.

Mke wangu, Bi Zuwena, aliisoma mara moja tu. "Baba Fatma, hapa Pemba? Umpite mtu bila salamu? Watadhani umekufa umesimama."

Nikamwambia faragha ni faragha.

Mteja wangu wa tatu alikuwa Mzee Hamadi, mkulima wa Gando, mtu wa heshima zake, ila mbele ya watu wengi ulimi wake hufunga. Siku ya kumwoza binti yake mkubwa alishindwa kutamka, akampa shehe uwakili kwa kutikisa kichwa, na kijiji kikacheka mwaka mzima. Sasa binti mdogo, Maryamu, alitaka aozwe kwa kinywa cha babaake mwenyewe. Mzee akaniomba jambo moja: mtu asijue kamwe kwamba amekuja kufunzwa kusema. Basi tukafanya mazoezi mara sita, yeye walii, baba anayeoza, mimi bwana harusi, tumeketi mkekani tumeshikana mikono: "Nimekuoza binti yangu Maryamu..." (Nami nilinyamaza kila mara, sikusema nimekubali, ndoa haina mzaha, na mimi ni mtu wa tahadhari.) Nilichosahau kukifanyia tahadhari ni dirisha. Chini ya dirisha lile huketi Sleimu muuza kahawa, na Sleimu ni ami yake bwana harusi.

Siku ya akdi nilialikwa na upande wa bwana harusi, ambao ni jirani zangu. Baada ya sala ya alasiri tukapanga safu msikitini kumpa mkono walii, na nilipomfikia Mzee Hamadi nikapandisha macho darini, nikahesabu feni (zilikuwa nne), nikapita. Mkono wake ukabaki hewani. Kwa mazoea tu akasema, "Asalaam alaykum," nami nikaitikia moyoni, vizuri sana, mpaka na warahmatullahi wabarakatuh.

Msikiti mzima ukageuza shingo.

"Yakhe, kwani mmegombana?" mtu mmoja akaniuliza. Nikatazama mkeka.

Sleimu akanyanyuka. "Shehe, n'kwambieni! Huyu ana haki ya kununa! Huyu keshaozwa Maryamu! Nimesikia kwa masikio yangu, si mara moja, mzee akimwambia nimekuoza binti yangu!"

Bwana harusi akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Shehe akanigeukia polepole. "Maalim, pana akdi yoyote iliyopita baina yako na mzee huyu?"

"Hapana" ilikuwa imeshafika menoni. Lakini nikisema hapana nitatakiwa nieleze, na nikieleza nimevunja kanuni ya kwanza, ya pili na ya saba. Nikasimama, nikakohoa, nikasema kama nilivyokuwa nikisema masjala: "Shehe, sina ruhusa ya kuthibitisha wala kukanusha kwamba nimewahi kumwona mzee huyu."

Ikawa kelele. Babaake bwana harusi akaanza kutafuta viatu vyake. Mzee Hamadi naye akasimama, nikajua basi, ulimi umeshafunga, na Maryamu yuko nyumbani anapakwa hina hana habari kwamba harusi imekwisha.

"Kaeni chini nyote!" Sauti ile sijapata kuisikia chumbani kwangu. "Mie hwenda kwa huyu kufunzwa kusema! Naogopa watu, haya, chekeni! Mara sita nimemshika mkono kama mkwe, na mara sita hakukubali, na leo hata salamu hawezi! Wewe kijana, lete mkono!" Na bila kumeza mate akamwoza bintiye, jina kamili, mahari, neno kwa neno, shehe hakuwahi hata kumtamkisha.

Watu walicheka, ni kweli, ila walinicheka mimi.

Kesho yake nilifuta kanuni ya nne kwa wino mwekundu, nikaapa kumsalimia kila nimwonaye, mteja na asiye mteja, maana hapa kwetu anayepitwa bila salamu ndiye anayetazamwa na kila mtu. (Bi Zuwena anasema hilo alilijua bila kozi.) Nakala zote nimezikusanya, isipokuwa ya Mzee Hamadi, ambaye hataki kuirudisha. Tukikutana sokoni Wete mimi ndiye ninayeanza, kwa sauti, mbele za watu: "Asalaam alaykum, mzee wangu!" Naye husimama, akapandisha macho juu kama anayehesabu feni, akaweka kiganja kifuani, akafumba mdomo, akapita zake.