Miaka Sita ya Kuitafuta Rudia

Kwetu Ujiji, Jumapili huendi kwa wazazi mikono mitupu. Kuna nyumba unapeleka sukari, kuna nyumba unapeleka samaki wa migebuka. Kwa baba yangu tulitakiwa kupeleka wimbo. Sheria hiyo aliiweka mwaka aliostaafu kazi ya melini, ambako ujana wake wote uliishia chini, kwenye chumba cha injini. Alisema kelele za injini amezimaliza, sasa ni zamu ya watoto wake kumburudisha. Kila mmoja aje na wimbo mmoja, tukishakula unapigwa barazani, na yeye anatoa hukumu.

Hukumu zilikuwa tatu. "Toa" ni kwamba umetuharibia chakula. "Haya" ni kwamba tumekuona, kaa chini. Ya tatu ilikuwa "Rudia." Ukipewa Rudia, wimbo wako unapigwa tena tangu mwanzo, na wiki nzima unatembea mjini kifua mbele.

Mimi ni binti yake, fundi cherehani, nina meza yangu Mwanga, karibu na soko, na kwa habari ya muziki sijioni mdogo. Wa kunifikia hapa mjini bado sijamwona, na si kwamba sijatafuta. Siri yangu ni wateja. Mama mmoja akitoka Kagunga na kitenge chake, kabla sijamuuliza anataka mshono gani nampa swali: kadi ya simu yako ina nini? Nampima kiuno huku nyimbo zake zinahamia kwangu. Ndiyo maana nina kwaya za Kirundi, rumba za ng'ambo ya Kongo, magitaa ya Zambia, taarabu, na dansi la zamani lililorekodiwa na mtu aliyekuwa na mafua. Nami sina choyo, ushauri natoa hata kwa asiyeuomba. Mtu amekuja kupunguza suruali, anaondoka na albamu nzima na maelekezo yake: anza na wa nne, wa kwanza utakukatisha tamaa, na wa saba usiusikilize siku uliyogombana na mumeo.

Sasa mtu kama mimi, miaka sita, Jumapili baada ya Jumapili, sijapata Rudia hata moja.

Nilimpelekea baba wimbo wa likembe la Kongo, akasema haya. Nikampelekea kwaya iliyowaliza wateja wangu wawili mezani kwangu, akasema haya. Kuna mzee wa Burundi anapiga inanga, ule muziki ambao mwimbaji hatoi sauti bali ananong'ona tu, kama anakupa siri ya familia. Niliusaka miezi miwili, nikaupata kwa mama muuza mahindi. Baba alikaa dakika tano nzima anatazama uani, kisha akasema, "Toa." Niliumia. Nilikwenda chooni nikakaa huko kidogo.

Halafu mdogo wangu akaolewa, tukapata shemeji. Anauza vipuri vya pikipiki. Ni mtu mwema, simsemi vibaya, ila masikio yake ni ya kuegeshea miwani tu. Jumapili yake ya kwanza ukweni alikuja na galoni ya mawese kwa ajili ya mama, na wimbo wa singeli kwa ajili ya baba. Singeli naijua, nimeilaani mara nyingi: muziki wa mbio, mwimbaji anaongea kama anafukuzwa na mbwa. Nikajiegemeza ukutani nisubiri kuona kijana wa watu anavyoaibika.

"Rudia," akasema baba.

Nilidhani anatania. Ukarudiwa. Ulipoisha mara ya pili shemeji akaniinamia, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, ukitaka nitakusaidia kuchagua." Siku ile niliosha vyombo hadi masufuria yakabaki kidogo kutoboka.

Kuanzia hapo Rudia ikawa ugonjwa wangu. Nikiwa kwenye cherehani naiwaza, nikilala naiwaza. Nilishona kola mbili nyuma mbele kwa ajili yake.

Mwaka jana mama alipanda boti kwenda Mwamgongo kumuuguza dada yake, akakaa huko wiki mbili. Jumapili iliyofuata jiko akalishika mdogo wangu, na kwa kuwa mdogo wangu hajawahi kuwahi kitu, saa nane ilifika bado anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Baba akasema basi tuanze na nyimbo, chakula kitatukuta. Shemeji alikuwa amefuata soda dukani. Barazani tukabaki mimi na baba, na mdogo wangu kule uani, pale pale mama anapokaa siku zote, mchi unapanda na kushuka.

Nikaweka rumba moja ya taratibu. Nina spika ndogo inayounganishwa na simu bila waya, na ubaya wake ni kwamba mtu akikupigia, sauti yake inatokea kwenye spika, mtaa mzima usikie. Katikati ya wimbo simu ikaita. Nilitaka kuikata, kidole kikateleza, nikaipokea.

"Fundi," ikasema spika, "hii nguo umenishonea mimi au umemshonea mwanasesere?"

Alikuwa mteja wangu wa Kagunga. Nikahangaika na simu, vidole vyote vikawa gundi. Yeye akaendelea: kwapani imembana, ameinua mkono kanisani kumsifu Mungu na mshono ukaachia mbele ya mchungaji, na kwamba mimi mikono yangu ingefaa kushona magunia ya mkaa. Aliniambia mengi. Alimgusa na aliyenifundisha kazi. Alipomaliza akakata mwenyewe, na kwa kuwa wimbo nao ulikuwa umekatika, kukawa kimya.

Nilimgeukia baba nimwombe radhi. Baba alikuwa ametulia kabisa kwenye kiti chake cha kamba, macho uani, anatikisa kichwa polepole.

"Hilo gitaa limetulia," akasema. "Rudia."

Kwanza nilidhani ananikejeli. Nikamtazama vizuri usoni, hakuna kejeli, alikuwa anasubiri wimbo. Nikainuka, nikasimama nyuma ya kiti chake, nikasema, "Baba, mbuzi ameingia chumbani kwako." Hakugeuka. Nikasema tena kwa nguvu, mdogo wangu akauacha mchi akauliza mbuzi yupi. Baba alikuwa bado anaitazama spika.

Nikaanza kukumbuka, na kadiri nilivyokumbuka ndivyo nilivyojiona mjinga. Baba hataki simu, husema simu ni ya watu wavivu wa kutembea. Baba akianza habari za injini hapokezani na mtu, anasema yeye mwanzo hadi mwisho, nasi tulidhani ni ukubwa wa mambo. Adhana ikiita, mama humgusa bega. Miaka yote hiyo tulimwona mtu mwenye msimamo, kumbe mtu hasikii.

Nikaupiga ule wimbo tangu mwanzo kama alivyotaka. Safari hii mdogo wangu alikuwa amemaliza kutwanga, amekaa kimya anakaza kanga. Ulipoisha baba akamtazama, akasema, "Haya."

Mama aliporudi sikumpa hata siku ya kupumzika. Nilimkuta uani na ungo wa mchele, anachambua mawe.

"Shikamoo mama. Baba anasikia?"

"Marahaba. Anasikia njaa."

"Mama."

Akaendelea kuchambua. Kisha akaniambia bila kuinua macho kwamba masikio ya baba yaliisha mwaka ule ule aliostaafu, injini iliyala kidogo kidogo ikayamaliza. Hospitali alikataa. Alimkataza mama kutuambia. "Alisema mkijua mtaacha kuleta nyimbo. Mtakuja, mtakula, mtaangalia simu zenu, mtaondoka. Wimbo unawakalisha. Ndivyo alivyosema, wimbo unawakalisha watoto."

Nilikaa chini kwenye mchanga.

"Sasa hukumu anazitoa wapi?" nikauliza baadaye.

Mama akaonyesha bega lake kwa kidevu. "Ananitazama mimi. Bega likitulia ni toa. Likicheza moja ni haya. Yakicheza yote mawili, rudia."

Hapo huruma yote ikanitoka. "Kwa hiyo miaka sita anayeninyima Rudia ni wewe?"

"Mwanangu, nyimbo zako zinachosha. Ule wa kunong'ona nilidhani spika imeharibika."

"Na ule wa kwaya? Watu walilia."

"Ule ulikuwa mzuri. Lakini siku ile mgongo ulinishika, bega la kucheza ningelitoa wapi?"

"Na singeli ya shemeji?"

Mama akautabasamia ule mchele kama anautania. "Mawese aliyoniletea yalikuwa mazuri," akasema. "Na singeli naipenda. Niletee singeli moja Jumapili hii, nikupe hiyo Rudia yako tumalizane."

Mimi, na kadi zangu zote, nikapige singeli kwa ajili ya bega la mama yangu. Nikamwambia bora nife bila Rudia. Akasema sawa, ni uamuzi wangu.

Wiki ile nilichagua wimbo mara tisa. Baba hakuwa akinisumbua tena, nilishajua kwamba kwake wimbo wowote ni sawa ilimradi tukae. Mama ndiye aliyenikaa rohoni. Miaka sita alikuwa ndiye hakimu pale uani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza anapenda wimbo gani. Nikaamua dansi la zamani, magitaa mawili yanayojibizana, la enzi zake yeye akiwa msichana. Jumamosi nzima niliupiga mezani kwangu nikishona, kuuhakikisha.

Jumapili tukala. Shemeji akapiga wake, akapewa Haya, nikafurahi kwa kiasi. Ikaja zamu yangu. Magitaa yakaanza, baba akatazama uani, mama yuko pale na ungo wake. Bega la kushoto likacheza kidogo. Au alikuwa anamfukuza nzi, sina hakika. Nikasubiri la kulia.

Spika ikalia mlio mara tatu, ikazima. Chaji niliimaliza mwenyewe jana yake.

Wimbo ulikuwa hata haujafika katikati. Mdogo wangu akainua kichwa. Mama akaitazama spika, akanitazama mimi, kisha akamtazama baba, ambaye alikuwa anamtazama yeye, mkono umetulia kwenye paja, anasubiri kuambiwa wimbo ukoje. Nikiinuka kuchomeka chaja, baba atajua kwamba wimbo ulikatika bila yeye kujua, na kwamba siri yake tumeijua. Sikuinuka.

Mama akakunja miguu vizuri. Akaanza kucheza bega la kushoto, kisha la kulia, kisha yote mawili, ungo nao mikononi, mchele unarukaruka. Alicheza kwa raha zake, kama anausikia. Labda alikuwa anausikia kweli, ni wimbo wa enzi zake.

"Rudia," akasema baba.

Shemeji akafumbua mdomo aseme spika imezima. Nikamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, na uzito wangu si haba. Akanitazama, akamtazama baba, akamtazama mama anayecheza katika kimya. Vipuri vya kichwani mwake vikakaa mahali pake kimoja kimoja, nikaviona. Akaufunga mdomo.

Nikachukua simu, nikajifanya nabonyeza mwanzo wa wimbo, nikairudisha juu ya kigoda karibu na ile spika iliyokufa. Tukakaa. Dakika nne na nusu, naujua urefu wake. Jirani alikuwa anapasua kuni, kuku walikuwa wanapita, mama anacheza uani. Shemeji, Mungu amlipe, akaanza kutikisa kichwa, akapigapiga goti, tena akaniinamia kana kwamba ananisifia gitaa. Mdogo wangu akageukia ukuta, mabega yanamtetemeka, na baba alipoona mabega mengine tena akazidi kufurahi.

Nami nilikuwa na Rudia yangu. Nilifurahi, sitasema uongo, na machozi yalinitoka yakaniharibia wanja.

Nilipoona muda umetimia nikainyoosha mikono kuonyesha umeisha. Baba akashusha pumzi ndefu, akanishika kiganja, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu," akasema, "wimbo kama huu, miaka yote hii ulikuwa unauficha wapi?"