Mkwe wa Baba Yangu

Miaka ile ya dhahabu, kaka zangu wote walikwenda kuchimba, wakahamishia wake zao hukohuko. Hata mimi nilikuwa nikiwapikia wachimbaji kwenye maduara, yale mashimo wanamotoa mawe ya dhahabu. Mama alipofariki nikarudi kijijini kwetu Genkuru kumtunza baba, kwa sababu akili yake ilikuwa imeanza kupotea.

Siku ya kwanza nilimpelekea ugali wa ulezi na maziwa ya mgando. "Shikamoo, baba." Aligeukia ukutani akajifunika shuka mpaka kichwani. Chakula kikapoa. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana.

Niwaeleze msiozijua desturi zetu Wakurya. Baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawagusani, mzee hali chakula mbele ya mkwe wake, naye mwanamke haingii anapolala mzee. Baba alishasahau mengi, hilo hakulisahau. Alidhani mimi ni mkwe wake.

Mzee mmoja wa rika lake, aliyetahiriwa pamoja naye, alipita kumjulia hali.

"Wewe, unamkimbia mtoto uliyemzaa mwenyewe?"

"Macho yako yameoza," baba akamjibu. "Huyo ni mke wa kijana wangu. Binti yangu akija huja na kelele, ungemsikia tangu barabarani."

"Labda kelele zake amewauzia wachimbaji!"

Wakacheka sana. Mimi nilikuwa nje na sufuria mkononi, na nilicheka pia, kisha nikashindwa kuacha kulia.

Mgeni alipoondoka niliingia. Nilitaka baba aone kovu la gotini kwangu, la siku aliyonibeba mgongoni mpaka zahanati. Nikapandisha gauni kidogo. Baba akapiga yowe, akaziba macho kwa viganja, akalia kama mtu aliyefiwa. Mbele yake alikuwa amesimama mke wa mwanawe, akimvulia nguo.

Sikumkumbusha tena. Kama una mzazi wa namna hii, nakuomba usishindane naye; mfuate alipo, utaweza. Nilijifunga kanga vizuri, nikawa naweka sahani mlangoni, napiga magoti bila kumtazama, naondoka. Kijana wa jirani akawa anamwogesha. Baba akaanza kula, sahani ikawa inarudi tupu.

Mchana mmoja aliniita kutoka ndani, kwa ile sauti ya upole ambayo wazee wetu huwatunzia wakwe.

"Mama, wewe una heshima. Mwanangu amepata mke."

"Asante, baba."

"Ukienda huko kwenye dhahabu, nitafutie binti yangu. Mwambie mama yake hayupo, nimebaki peke yangu."

"Nitamwambia."

"Mwambie asikae sana."

Nilichukua sahani, nikarudi nyuma kinyumenyume kama desturi inavyotaka, mpaka nikafika uani.