Seli Zilizobaki Mfupani mwa Bilonda

Bilonda alizaliwa Kolwezi. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa mbali wa Kasai kuchimba shaba. Yeye akawa fundi wa maabara hospitalini. Mwaka 1992, ufizi wake ulipoanza kutoka damu ovyo, alijitoboa kidole, akaweka tone chini ya hadubini. Seli changa zilikuwa zimesongamana humo. Akajua ni saratani ya damu.

Daktari Kisimba alimtibu kwa sindano zilizomnyonyoa nywele. Damu ikatakata. Lakini alipomchoma nyongani na kuvuta uboho, walikuta seli chache zimeng'ang'ania humo.

"Ziko na molekuli juu ya ngozi yake, kama kulabu," Kisimba alimwambia. "Zenye kuelea, dawa inaziua. Zenye kushika uboho, uboho wenyewe unazificha. Kule Ulaya banatafuta dawa ya kuzibandua. Siye tutarudilia sindano tu."

Kabla ya siku ya sindano, vijana walipita mitaani wakiimba kwamba Wakasai waondoke. Bilonda na kaka yake Tshibangu wakakimbilia stesheni, wakalala chini kati ya maelfu, wakingoja treni.

Siku ilipofika alienda hospitalini peke yake, adhuhuri, akapitia nyumbani. Mtaa mzima ulikuwa kimya, hata mbwa hakubweka. Uani kwake magogo ya moto wa kilio yalikuwa yanafuka moshi. Mlangoni alisimama jirani yake Mado, amejifunga kikwembe cha Bilonda.

Mado hakupiga kelele. "Mama Bilonda," alisema polepole, "tulikwisha kukulilia."

"Nani alibaambia nilikufa?"

"Hakuna mutu. Tuliamuka asubui, tukajua tu."

Akaleta sahani ya ugali wa bukari, akaiweka chini, akarudi nyuma asije akagusa mkono wake. Bilonda alikuwa na njaa, akala. Kila tonge, Mado alimtazama koo, kama mtu anayengoja kuona chakula kitapita wapi.

Hospitalini Kisimba alimdunga sindano ile moja.

"Zingine nitapatia wapi, Docteur?"

"Sijui, mama." Akageukia dirisha.

Treni ilipokuja iliwapeleka hadi Mwene-Ditu, huko Kasai. Huko hapakuwa na dawa ile. Michubuko ikaanza kumtokea mapajani, na kila asubuhi akamwomba Tshibangu amhesabie ile ya mgongoni, mpaka Tshibangu akaanza kumdanganya.

Alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Tshibangu alimzika katika nchi ambayo wote wawili walikuwa wameiona mara ya kwanza mwaka ule.