Injini ya Kinu, Injini ya Treni

Nikipita karibu na kinu cha dizeli, ile harufu husimamisha miguu yangu. Natuona tena Keroka, vichwa vimenyolewa kwa msiba wa mama, baba naye alishatangulia. Shangazi alikuwa amekuja kumchukua kitinda mimba wetu akamlee Nairobi. Nilikuwa nimeacha shule niwatunze wadogo zangu, lakini chakula hakikututosha.

Mtoto aliiogopa treni ya kwenda Nairobi. Nikamwonyesha injini ya kinu cha kusaga unga cha jirani.

"Treni ya dizeli ina injini kama hii, ila kubwa kama nyumba. Hii inazungusha jiwe, ile inazungusha magurudumu, inavuta mabehewa yamejaa watu."

"Na ikipotea njia?"

"Haipotei. Inafuata reli tu, kwenda na kurudi."

Akacheka. "Basi itanirudisha hapa kwako."

Shangazi akadakia, "Huku hakuna reli, mwanangu. Inaishia Kisumu."

Kicheko kikakatika. "Sasa nitarudi na nini, dada?"

Lori la Kisumu likapiga honi. Alikataa kutembea, nikambeba mgongoni. Tulipofika kwenye lori, shangazi alilazimika kuvibandua vidole vya mtoto kwenye nguo yangu.