Vitabu Ambavyo Havikurudi Kushonwa

Bi Sindano alidhulumiwa kwa cheti. Hakunyang'anywa kiwanja wala hakusukumwa na askari. Aliletewa nyumbani karatasi nene yenye muhuri wa shule, iliyotangaza kuwa mjukuu wake wa darasa la tatu amesoma vitabu arobaini na kimoja. Mtoto huyo hakuweza kusoma hata maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Shule ilikuwa na darasa la marudio kila alasiri kwa waliochelewa kusoma, na bibi alipokwenda kumwandikisha, karani alilivuta faili, akalifungua, akalifunga tena.

"Bibi, huyu ni bingwa. Bingwa hawekwi na wanaotambaa."

"Hajui kusoma, mwanangu."

"Cheti kinasema anajua."

"Cheti hakilali kwangu. Anayelala kwangu ni mtoto."

Karani akacheka, akamwita anayefuata. Ilikuwa imebaki miezi minne mtoto apande darasa la nne, ambako kila somo husomwa kitabuni na hakuna mwalimu wa kumrudia mtu herufi. Akifika huko hivyo alivyo, ndiyo basi tena.

Kilichomuuma Bi Sindano zaidi ni kwamba vitabu vilivyotajwa katika cheti hicho vilikuwa vimepita mikononi mwake mwenyewe, kimoja kimoja.

Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, dirisha likitazama mtaani, na humo alishona sare za shule kwa miaka thelathini. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani, kwa kidole na kwa subira, na mpaka leo husoma kama avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Miaka miwili kabla ya cheti kile, yeye na tarishi mstaafu wa posta, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Stempu, walianza kupita nyumba kwa nyumba kila Jumamosi wakiomba vitabu vya watoto vilivyochoka. Bwana Stempu alijua kila geti la mji na tabia ya kila mbwa.

"Dada, hapa tangulia wewe. Mwenye nyumba hii ana kinyongo na mimi tangu enzi za barua za rejista."

"Wewe hukumpelekea barua yake, kaka."

"Nilimpelekea. Ilikuwa na habari mbaya."

Walikusanya zaidi ya mia sita. Duka moja lililokuwa linafungwa liliwapa boksi zima la kitabu kimoja, nakala arobaini na moja zilizolowa kidogo pembeni. Bi Sindano alishona migongo yote upya kwa uzi wa nta, akaipaka gundi, kisha akafanya alichozoea kufanya kwa koti kabla ya mshono wa kudumu: alipiga bandi, yaani mshono wa muda. Alipitisha uzi mwekundu ukingoni mwa kurasa zote, kuanzia ya pili hadi ya mwisho, ili zisijikunje gundi ikikauka. Ukurasa wa kwanza aliuacha huru. Ncha ya uzi aliiacha ikining'inia chini ya kitabu. Mtoto wa kwanza kukisoma angeivuta, na bandi yote ingetoka kwa mkupuo mmoja. Alipokabidhi vitabu shuleni aliwaeleza walimu hivyo, nao walipiga makofi. Akawaomba pia kitu kimoja: kitakachochanika kirudishwe kwake.

Alipigilia rafu mpya ukutani, juu ya cherehani, kwa ajili ya vitabu vitakavyorudi.

Rafu hiyo ilikaa tupu. Mwezi wa kwanza alifurahi kuwa watoto wana adabu. Mwaka ulipokwisha alianza kuitazama kwa jicho jingine. Sare anazozishona huachia magotini kabla ya muhula kwisha, vifungo hupotea, mifuko huning'inia. Ingewezekanaje vitabu mia sita viwe mikononi mwa watoto hao hao na visiachie hata uzi mmoja? Alikuwa akikanyaga pedali ya cherehani, macho yakipanda yenyewe kwenye ule ubao mtupu, na mwili ukimsisimka kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake.

Ndipo kikaja cheti, na pamoja na cheti, sauti.

Mjukuu wake aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi chini ya jicho. Alikuwa mtoto mwenye maneno mengi na vicheko vya ghafla. Alasiri moja Bi Sindano alimkalisha mezani na kumpa karatasi iliyotoka ndani ya paketi ya vidonge vyake vya presha.

"Nisomee, mama. Macho ya bibi yamechoka."

Kidoti alinyoosha mgongo. Akainua karatasi mpaka usawa wa kidevu. Ilipotoka sauti, haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, iliyonyooka, isiyo na pumzi ndani yake.

"Kulikuwa na nyumba yenye milango saba. Milango sita ilifunguliwa kila asubuhi. Mlango wa saba haukufunguliwa, kwa sababu nyuma yake."

Hapo ikakatika. Akashusha karatasi, akainamisha kichwa kama anayesubiri makofi.

"Nyuma yake nini?" bibi aliuliza.

Mtoto akamtazama bila kupepesa. "Nyuma yake."

Bi Sindano alimpa kalenda ya ukutani. Akasoma nyumba yenye milango saba. Akampa karatasi nyeupe isiyo na kitu, na bado sauti ile ikatoka, kwa vituo vile vile, ikakatika pale pale. Ndipo bibi alipoelewa kwa nini tangu mwaka uliopita mtoto huyu hakubali kupita peke yake mbele ya mlango wa stoo, kwa nini kila asubuhi huomba kabati la nguo lifunguliwe yeye akiwa amesimama mbali.

"Unaogopa nini huko stoo, Kidoti?"

"Kile cha nyuma yake."

"Ni nini?"

"Hatujafika."

Tangu siku hiyo, kila alasiri, Bi Sindano alisogeza nguo za wateja pembeni, akatandaza kitambaa cheusi mezani, na kumwandikia mjukuu wake silabi kwa chaki ya kushonea: ma, pa, ka, la. Hakuwa mwalimu, na silabi nyingine zilimponyoka yeye mwenyewe. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho shule nzima haikuwa nacho: alijua kuwa mtoto hajui.

Wiki ya tatu shule ilimwagiza mapazia. Wageni wa ukaguzi walikuwa wanakuja kutazama chumba cha vitabu, na mwalimu mkuu alitaka madirisha yapendeze. Bi Sindano alibeba mapazia begani na mkasi mfukoni, akafika saa nne asubuhi, jua likiwaka uwanjani. Hapakuwa na mtoto hata mmoja nje. Mpira ulikuwa umeachwa katikati ya uwanja. Akatembea kwenye korido ndefu, na kabla hajaufikia mlango akaisikia sauti ya Kidoti, ila ilikuwa imezidishwa mara arobaini.

"Mlango wa saba haukufunguliwa, kwa sababu nyuma yake."

Kisha vitabu arobaini vikafungwa kwa pamoja, pa.

Alisukuma mlango, na harufu ya gundi yake ikampiga puani, mbichi kama ya jana. Vitabu vilisimama kwenye makabati ya vioo, migongo imenyooka, bila vumbi, bila doa, kama watu walioambiwa wasipumue mpaka picha ipigwe. Kila kabati lilikuwa na kufuli. Watoto walikaa safu nne, kila mmoja ametandika leso mapajani na kitabu juu ya leso, vidole visikiguse. Chini ya kila kitabu ilining'inia ncha ya uzi mwekundu. Hakuna hata mmoja uliokuwa umevutwa. Vichwa vyote viligeuka kumtazama kwa wakati mmoja.

"Mama, mapazia ni ya upande ule," alisema mwalimu mkuu, mwanamke mwembamba mwenye funguo shingoni.

"Nimesikia, mwalimu. Lakini kuna bandi niliisahau humu."

"Bandi gani?"

Bi Sindano alikuwa tayari amefika kwa mjukuu wake. Alikishika kitabu kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaivuta ncha. Uzi ukatoka wote, ukilia taratibu katikati ya karatasi, na kurasa zikafunguka.

"Usikichafue, tafadhali," mwalimu mkuu alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba kuliko ya kuamuru. "Kikichanika kimoja naandika barua tatu. Unadhani nimevifungia kwa raha? Wakaguzi wanahesabu vilivyo salama. Hawamhesabu aliyesoma."

"Ukampa mjukuu wangu cheti."

"Nakala arobaini na moja za kitabu hiki. Zote amezishika."

"Amezishika," Bi Sindano alirudia, polepole, kama mtu anayepima kitambaa asichokiamini. "Basi waambie waendelee. Ukurasa wa pili."

Mwalimu mkuu aliwageukia watoto. "Endeleeni."

Hakuna aliyeendelea. Mvulana wa safu ya nyuma akaanza tena mwanzo, nyumba yenye milango saba, na wenzake wakamfuata, sauti ikapanda, ikafika nyuma yake, ikakatika. Wakatazamana. Mwingine akaanzisha upya, kwa haraka zaidi sasa, kana kwamba mwendo ungewavusha. Ikakatika pale pale. Mara ya tatu sauti zilikuwa zinatetemeka, na wasichana wawili walikuwa wameshikana mikono. Mwalimu mkuu alizishika funguo zake, na Bi Sindano aliona kuwa naye alikuwa anaogopa. Ndiye aliyeliandika ubaoni fungu la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, zaidi ya mwaka mmoja nyuma, watoto wakalikariri, na hakuwahi kufungua zaidi ya hapo.

Ndipo Kidoti alipoweka kidole juu ya karatasi. Kidole kilikuwa na chaki ya jana chini ya ukucha, na kiliacha alama.

"Pa," alisema. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, yenye mafua na wasiwasi. "Pa. Ka."

Chumba kizima kiliinama kumwelekea.

"Paka. A... la... alala. Alala? Bibi, ni alala?"

"Tazama vizuri."

"A-li-la-la. Paka alilala. Na... wa... to... to... wake."

Akainua uso. Watoto wengine walikuwa wamenyoosha shingo kukitazama kitabu chake.

"Nyuma yake paka alilala na watoto wake," Kidoti alisema.

"Paka tu?" aliuliza yule mvulana wa nyuma.

"Paka tu."

"Mimi nilijua ni maiti," msichana mmoja alisema, na safu yake yote ikaangua kicheko, kicheko cha watu waliobeba mzigo tangu mbali na sasa wameutua. Mvulana akaivuta ncha ya kitabu chake bila kuomba ruhusa. Akafuata wa pembeni yake. Kwa muda chumba kilijaa mlio ule mwembamba wa nyuzi, na sakafu ikawa nyekundu. Wengi hawakuweza kusoma kilichokuwemo. Walikitazama tu, wakiweka vidole vyao hapa na pale, wakiulizana hii ni nini, hii ni nini.

Mwalimu mkuu hakuwazuia. Aliketi kwenye kiti cha mtoto, akaomba aletewe faili la mjukuu wa fundi, na akaandika kwa mkono kwamba aingizwe darasa la marudio Jumatatu ijayo. Kisha akauliza, bila kumtazama Bi Sindano usoni, kama ana nafasi ya kuja na ile chaki yake.

Wakaguzi walifika siku iliyofuata, wakakuta alama za vidole, wakaandika kwamba vitabu havitunzwi. Mwalimu mkuu akaandika barua zake tatu. Zilipojibiwa akaandika nyingine, ambazo Bwana Stempu, kwa kiapo cha kazi yake ya zamani, alizipeleka mwenyewe kwa miguu hadi mezani kwa wakaguzi, na akakataa kuondoka mpaka zifunguliwe mbele yake. Ilichukua miezi sita watu wazima wenye elimu kukubaliana kuwa kitabu cha mtoto kinaruhusiwa kuchanika.

Makufuli ya chumba cha vitabu yaliondolewa Jumatatu, tarehe 4 Machi 2019. Kufikia mwisho wa Julai mwaka huo, vitabu mia mbili na kumi na viwili vilikuwa vimerudi kwenye rafu ya Bi Sindano kushonwa.